Cimrman si Abunuwasi

Swali: Mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari. Nimesoma kwamba mwaka 2005 Wacheki walipoombwa wamtaje Mcheki mkuu kuliko wote, wengi walimtaja Jára Cimrman, kisha akaondolewa kwenye kinyang'anyiro kwa sababu hakuwahi kuishi. Je, nyuma ya jina hilo kuna mtu halisi, kama ilivyo kwa Abunuwasi wetu? Watu wazima wenye elimu wanawezaje kumpigia kura mtu wa kubuni? Na je, asiyejua Kicheki anaweza kumfurahia?

Jibu: Mwalimu, nianze na lile lenye jibu fupi. Hakuna mtu halisi nyuma ya jina hilo. Abunuwasi wa hadithi zetu ana asili yake katika mshairi Abu Nuwas, aliyeishi Baghdad zama za Harun al-Rashid na kufariki mwanzoni mwa karne ya 9, kisha visa vikaambatanishwa na jina lake kizazi baada ya kizazi, vingine vikiwa vimeazimwa kwa wajanja wengine, hadi vikatufikia pwani. Cimrman hana asili ya namna hiyo. Siku aliyotajwa kwa mara ya kwanza inajulikana, waliomtunga wanajulikana kwa majina, na mmoja wao, Zdeněk Svěrák, ndiye aliyeandika na kuigiza filamu ya Kicheki iliyopata Oscar mwaka 1997.

Siku yenyewe ni tarehe 16 Septemba 1966. Redio ya Chekoslovakia, nchi ya pamoja ya Wacheki na Waslovakia wakati huo, ilikuwa na kipindi kilichojidai kurushwa moja kwa moja kutoka baa ya mvinyo isiyouza kileo, iitwayo Kwa Buibui, na baa hiyo haikuwapo popote. Cimrman wa siku hiyo alikuwa mtu mdogo tu, dereva wa mtambo wa kushindilia barabara aliyejifundisha uchongaji mwenyewe. Tarehe 23 Desemba mwaka uleule, msomi wa kubuni aliyeitwa Daktari Evžen Hedvábný alitangaza katika kipindi hicho, kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti ya utafiti, kwamba katika kijiji cha Liptákov, kwenye milima ya Jizera, limepatikana sanduku lililojaa miswada ya fundi mkubwa ambaye dunia ilimsahau. Milima ni ya kweli. Kijiji ni cha kubuni. Tangu hapo dereva alisahaulika, na mahali pake akasimama mwandishi wa tamthilia, mtunzi wa muziki, mvumbuzi, mwanafalsafa, msafiri, mpelelezi na daktari wa meno wa kutembea kijiji hadi kijiji. Kabla hata sanduku halijafunguliwa, Svěrák pamoja na Jiří Šebánek, Ladislav Smoljak, Miloň Čepelka na mwongozaji Helena Philippová walikuwa wamekwisha kukubaliana kuanzisha kikundi cha tamthilia kwa jina lake, na onyesho la kwanza lilifanyika mjini Praha tarehe 4 Oktoba 1967. Kati ya mwaka huo na 2008 zilitoka tamthilia 15, zote zikidaiwa kuwa kazi za Cimrman zilizookolewa kutoka sandukuni.

Maisha yake, kama yanavyosimuliwa na hao wanaojiita wataalamu wa Cimrman, ni haya. Alizaliwa Vienna, baba yake akiwa fundi cherehani wa Kicheki na mama yake mwigizaji wa Kiaustria. Mwaka wa kuzaliwa haueleweki kwa kuwa padri aliyejaza kitabu cha ubatizo alikuwa amelewa na tarakimu zake hazisomeki. Wazazi, ili kuokoa gharama, walimvika nguo za dada yake mkubwa na kumpeleka shule ya wasichana, naye akaja kutambua kwamba ni mvulana alipofikia umri wa miaka 15. Baadaye aliishauri serikali ya Marekani ichimbe mfereji wa Panama, na pamoja na ushauri huo akaambatanisha maneno ya opera yenye jina hilohilo. Aliwabebea wanasayansi Marie na Pierre Curie mapipa 45 ya madini hadi chumba cha chini ya nyumba. Alimwandikia barua mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw miaka mingi bila kujibiwa. Alipeleka simu yake kwenye ofisi ya hataza, yaani ya kusajili uvumbuzi, akapishana na Alexander Graham Bell, anayesifiwa kwa kuvumbua simu, akitoka. Alikwenda kuitafuta Ncha ya Kaskazini, akaikosa kwa mita saba. Habari zake zinakatika Liptákov karibu na mwaka 1914, na hakuna picha inayoonyesha sura yake. Sanamu ya kichwa chake imefutika kiasi kwamba pua haitofautiki na shavu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomfananisha na Abunuwasi, ingawa ninaelewa kwa nini ulinganisho huo unakuja haraka. Abunuwasi hushinda. Anaazima sufuria, anairudisha pamoja na kisufuria kidogo akisema imezaa, na mara ya pili anapotangaza kwamba sufuria imekufa, mwenye mali hana la kusema kwa kuwa alikwisha kukubali kwamba sufuria huzaa. Mnyonge anamshinda mwenye nguvu kwa akili, na msikilizaji anaondoka ameridhika. Cimrman ana akili kuliko wote waliomzunguka na bado hapati kitu. Sisi husema kutangulia si kufika. Yeye hufika kila mara, ila hatangulii hata mara moja. Zaidi ya hayo, hana hasira, hamlaani aliyemtangulia, na papo hapo anaanza kazi nyingine. Wataalamu wake humsifu kwa njia alizozifunga: alijaribu jambo lisilowezekana kwa bidii ya miaka, akathibitisha kwamba haliwezekani, kisha akawageukia wanadamu na kuwaambia, "Si huku, marafiki!" Katika mantiki ya mzaha huo kushindwa nako ni mchango kwa sayansi, na ukiutafakari utaona si mzaha mtupu.

Kwa nini taifa lipende shujaa wa namna hiyo? Jibu la kwanza ni historia. Baada ya kushindwa katika vita vya Mlima Mweupe mwaka 1620, Wacheki walikaa chini ya watawala wa nasaba ya Habsburg ya Austria hadi tarehe 28 Oktoba 1918, karibu miaka 300, na sehemu kubwa ya kipindi hicho Kijerumani kilikuwa lugha ya ofisi, ya vyeo na ya elimu ya juu. Mcheki aliyevumbua kitu aliingia katika orodha ya dunia kama Mwaustria, au hakuingia kabisa. Josef Ressel, aliyezaliwa Chrudim mwaka 1793, alipata hataza ya rafadha, yaani pangaboi la kusukuma meli, mwaka 1827, lakini majaribio yake yalizuiwa baada ya hitilafu ndogo ya mtambo, naye alifariki mwaka 1857 bila faida wala sifa aliyostahili. Hata baada ya uhuru hali hiyo haikukoma. Otto Wichterle, mwanakemia wa Praha, alitengeneza lenzi laini za kuvaa machoni nyumbani kwake mwishoni mwa mwaka 1961 kwa mashine aliyoiunda kwa vipande vya mchezo wa watoto na dainamo ya baiskeli; haki za uvumbuzi huo ziliuzwa Marekani na utajiri mkubwa wa biashara ya lenzi ukaota mizizi huko. Mtu aliyekua akisikia visa kama hivi shuleni hahitaji kuelezwa kwa nini inachekesha kupishana na Bell mlangoni. Na kwa kuwa tumemtaja Bell, tarehe 14 Februari 1876 wakili wa Mmarekani Elisha Gray alifikisha hati za simu kwenye ofisi ileile siku ileile, na sifa zikamwendea Bell.

Hata hivyo jibu hilo likiachwa peke yake linapotosha, maana linamfanya Cimrman aonekane kama kilio cha taifa lililodhulumiwa. Ninavyoona mimi, anayechekwa hasa si Cimrman bali yule anayetaka kwa udi na uvumba kwamba taifa lake liwe na Cimrman. Mwaka 1817 na 1818 "zilipatikana" huko Bohemia, sehemu ya nchi ya Wacheki, hati mbili zilizodaiwa kuwa mashairi ya kale ya Kicheki, moja ikihusishwa na mji wa Dvůr Králové na nyingine na ngome ya Zelená Hora. Taifa lililokuwa likijitafuta lilizishangilia. Wachoraji, washairi na watunzi wa muziki walijenga kazi kubwa juu yake. Mtu aliyekuwa karibu na upatikanaji wa hati hizo, Václav Hanka, ndiye anayeaminika kuwa miongoni mwa waliozighushi. Mwaka 1886 mwanaisimu Jan Gebauer na mwanafalsafa Tomáš Garrigue Masaryk walipotangaza hadharani kwamba hati hizo si za kweli, waliitwa wasaliti. Masaryk huyohuyo alikuja kuwa rais wa kwanza wa Chekoslovakia. Sasa rudi kwenye lile sanduku la Liptákov, miswada iliyookolewa, na wasomi wanaoapa kwamba mtunzi wake aliwatangulia wote. Mcheki aliyesoma shule anajua mara moja ni kitu gani kinachoigwa, tofauti ikiwa kwamba Hanka alitaka aaminiwe, na hawa wanataka tu msikilizaji akubali kucheza nao.

Mchezo wenyewe una utaratibu ambao, kama mwalimu, nadhani utakuvutia. Onyesho lina sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza hakuna tamthilia. Pazia linafunguka na mbele yako wameketi wanaume kadhaa waliovaa suti nyeusi na tai, nyuso zimetulia kama za wajumbe wa baraza la chuo kikuu. Mmoja baada ya mwingine anasimama na kutoa muhadhara kuhusu kipengele cha maisha au kazi za Cimrman: mbinu zake za kufundisha, nadharia yake ya muziki, safari zake, falsafa yake inayoshikilia kwamba ulimwengu wote upo isipokuwa mwanafalsafa mwenyewe, ambaye ni tundu katikati yake. Hakuna anayecheka jukwaani, hakuna anayekonyeza jicho. Vicheko vyote viko upande wa watazamaji, na hutokana na uzito wa lugha ya kitaaluma inayobebeshwa upuuzi. Katika kisa kimoja kinachokaririwa mno, Cimrman anamtembelea mwandishi wa Kirusi Anton Chekhov na kumuuliza anaandika nini. Chekhov anajibu kwamba anaandika tamthilia kuhusu dada wawili. Cimrman anafikiri kidogo, kisha anauliza kwa adabu, "Wawili si wachache, Anton Pavlovich?" Kisa kinaishia hapo. Msemaji hataji tamthilia ya Dada Watatu iliyoonyeshwa Moscow mwaka 1901. Anaamini unaijua, na anakuacha umalizie mwenyewe. Imani hiyo kwa mtazamaji ndiyo, kwa maoni yangu, siri kubwa ya mapenzi wanayopata.

Baada ya mapumziko inafuata tamthilia yenyewe, fupi, ikiigizwa na wanaume walewale, hata katika nafasi za wanawake, kwa uigizaji wa makusudi usio wa kistadi. Svěrák na Čepelka walisomea ualimu, na jambo hilo linaonekana. Tamthilia yao ya pili, ya mwaka 1967, inahusu upelelezi wa daftari la darasa lililopotea: mwalimu anaingia na kulihoji darasa, anashindwa, anakuja mwalimu mkuu, kisha mkaguzi, kisha mkubwa wa mkaguzi huyo, kila mmoja akiwa na nadharia mpya ya malezi, na darasa linalohojiwa ni watazamaji wenyewe waliokaa kwenye viti vyao. Kadiri cheo kinavyopanda, ndivyo daftari linavyozidi kuwa mbali.

Tamthilia ambayo ningekutaka uitazame kwa makini zaidi ni ile ya mwaka 1985 kuhusu kutekwa kwa Ncha ya Kaskazini na Mcheki Karel Němec tarehe 5 Aprili 1909. Tarehe imechaguliwa kwa hila, kwani Mmarekani Robert Peary alidai kufika huko tarehe 6 Aprili mwaka uleule. Kwa mara moja, basi, Wacheki wametangulia, na kwa siku moja kamili. Wasafiri hao ni watu wa kawaida wa mtaani Praha waliozoea kuoga maji baridi, miongoni mwao mfamasia na mwalimu. Wanafika nchani, na furaha haijapoa wanang'amua balaa lililowapata: wao ni raia wa milki ya Austria-Hungaria, na wakitangaza ushindi wao, utukufu wote utakwenda Vienna. Wanaamua kunyamaza. Hivyo ushindi pekee wa Wacheki unabaki siri kwa hiari yao, kwa kuwa afadhali apate Mmarekani kuliko kaisari wao wenyewe. Sidhani kuna maelezo ya kitaaluma yanayoeleza vizuri zaidi kiburi na unyonge vinavyokaa chumba kimoja.

Mwaka 1985, bila shaka, hakuna aliyeketi ukumbini akimfikiria kaisari tu. Majeshi ya nchi za Mkataba wa Warsaw, muungano wa kijeshi ulioongozwa na Umoja wa Kisovieti, yalikuwa yameivamia Chekoslovakia mwezi Agosti 1968, na miaka ishirini iliyofuata ilikuwa ya udhibiti mkali wa fasihi na sanaa. Kumweka Cimrman katika zama zinazoishia 1914 kulikuwa na manufaa ambayo huenda waanzilishi wenyewe hawakuyapanga tangu mwanzo: utani ulimlenga mtawala aliyekufa zamani, na msikilizaji alikuwa huru kuupeleka kwingine. Kikundi kilihamishwa ukumbi hadi ukumbi kabla ya kupata makao yake ya sasa katika mtaa wa Žižkov, na filamu ambayo Smoljak aliiongoza mwaka 1987 inaonyesha kundi la tamthilia likihangaishwa na kamati za kuidhinisha maonyesho. Nisingependa, hata hivyo, kuwavika joho la wapigania uhuru. Hawakufungwa wala hawakupigwa marufuku moja kwa moja, na walijua mpaka ulipo. Walichowapa watu ni ukumbi ambamo lugha ya Kicheki ilitumika kwa ustadi na uhuru ambao haukupatikana katika hotuba za chama.

Sasa swali la kura. Televisheni ya Kicheki ilinunua kutoka BBC mtindo wa kipindi ambamo umma huchagua mtu mkuu wa taifa lake, na masharti yalidai mtu aliyeishi kweli. Wakati wa mapendekezo jina la Cimrman lilikuwa likiongoza. Lilipoondolewa, watu walilalamika na hata kukusanya saini. Mwishowe alishinda Karel wa Nne, mfalme wa karne ya 14 aliyeanzisha chuo kikuu cha Praha mwaka 1348, akifuatiwa na Masaryk na Václav Havel, mwandishi aliyekuja kuwa rais. Unauliza watu wenye elimu wanawezaje kumpigia kura mtu wa kubuni. Ningependekeza ulitazame swali waliloulizwa. Kuliuliza taifa limtaje mkubwa wake kuliko wote ni kuchokoza majivuno yaleyale ambayo Cimrman aliundwa kuyacheka kwa karibu miaka 40. Waliomtaja hawakudanganyika hata kidogo, na hakuna Mcheki anayedhani mtu huyo aliishi. Walijibu swali la majivuno kwa jina linaloyatoa majivuno upepo. Nadhani ni jibu la busara kuliko lile lililoshinda, ingawa Karel anastahili heshima yake.

Mzaha huo umetoka ukumbini zamani. Sayari ndogo nambari 7796, iliyogunduliwa mwaka 1996 katika kituo cha anga cha Kleť, inaitwa Járacimrman. Kuna vibao vya ukumbusho mahali ambapo hakupita. Katika kijiji halisi cha Příchovice, kwenye milima ya Jizera, umesimama mnara wa kuongozea meli wenye jina lake, katika nchi isiyo na pwani.

Kuna sehemu moja ambayo msomaji wa Afrika Mashariki hataipita bila kukunja uso, nami sitaificha. Mwaka 2002 kikundi kilitoa tamthilia kuhusu Wacheki wanaosafiri hadi Afrika, na kichwa chake kinawataja walaji watu. Shabaha ni wasafiri wa Kicheki wa karne ya 19 na vitabu vyao vya kujisifu, desturi ambayo kilele chake halisi ni Emil Holub, daktari aliyezunguka kusini mwa Afrika. Kwa hiyo anayechekwa ni Mcheki tena. Lakini Afrika inayotumika kama jukwaa ni ileile ya katuni za zamani, na hapo, kwa tathmini yangu, watunzi waliokuwa makini kuchunguza majivuno ya nyumbani walipokea picha ya kigeni bila kuikagua. Katika tamthilia nyingine utani wao una tabaka mbili au tatu. Katika hii, mara nyingi ni moja.

Kuhusu lugha, asiyejua Kicheki atapoteza sehemu, hasa nyimbo, mashairi na mizaha inayotegemea lafudhi za mikoa au shairi ambalo kila mtoto wa Kicheki alilikariri. Kinachobaki ni kingi zaidi ya unavyotarajia, kwa sababu mhimili wa mzaha ni sauti ya msomi anayejiamini kupita kiasi, na sauti hiyo inatambulika katika lugha yoyote yenye vyuo vikuu. Tangu mwaka 2014 kuna kikundi mjini Praha kinachoonyesha tamthilia hizi kwa Kiingereza, waigizaji wakiwa wazungumzaji wa lugha hiyo, nacho kinafuata utaratibu uleule wa mihadhara kwanza na tamthilia baadaye. Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi wako, anza na ile ya Ncha ya Kaskazini, uwasimulie kwanza habari za Austria-Hungaria na tarehe ya Peary, na usiwaruhusu waruke mihadhara kwa kudhani ni utangulizi tu. Baada ya hapo ile ya daftari la darasa inaweza kuigizwa na wanafunzi wenyewe bila gharama yoyote, kwani inahitaji meza moja, ubao, na darasa lililojaa watu wanaoshukiwa.